Nusu Kamusi ya Baba Mkwe

Jumapili, 2 Agosti

Mama mkwe ametangaza shindano! Yeye hakuliita shindano. Alisema tu kwamba anataka kusikia. Lakini mimi shindano nikiliona nalijua.

Mambo yenyewe ni haya. Shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba ile, anaolewa Jumamosi. Na kwao arusi haijawa arusi mpaka mtu wa nyumbani asimame afungue neno. Mtindo huu aliuanzisha baba mkwe, Mungu amrehemu, aliyekuwa mpanga herufi kiwandani kwa wachapaji. Alikuwa akichagua neno moja, anawaeleza watu limetoka wapi, limepita kwa nani, limebadilika vipi, kisha anawaombea maharusi kwa neno hilohilo. Watu waliacha sahani zao zipoe. Sasa mzee hayupo, na waliooa nyumba ile ni wawili tu. Mimi, fundi wa funguo. Na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa, karani wa mahakama. Karani huyu hupiga pasi hata leso ya kupengea mafua.

Kila mmoja afungue neno mbele ya Mama Alhamisi jioni, baada ya chakula. Atakayempendeza ndiye atakayesimama Jumamosi. Mama alipokuwa akieleza haya alimgeukia Karani akamwita mwanangu. Kisha akanigeukia mimi akaniita fundi. Fundi! Miaka yote hii ya ndoa, wajukuu nimempa, bado ananiita kama mtu aliyekuja kuzibua sinki. Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: inaniuma. Nataka kuitwa mwanangu, na Alhamisi nitaitwa.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimechukua nusu yetu ya kamusi, nimeenda nayo kibandani.

Nasema nusu kwa sababu ni nusu. Mzee aliacha kamusi moja, nene, ya asili za maneno. Binti zake wawili wakubwa wote waliitaka. Wakanuniana. Ndipo baba yao mdogo, mtu anayependa haki kuliko akili, akaibeba mpaka kwa fundi wa kujalidi vitabu, ikakatwa katikati. Kuanzia A mpaka katikati ya M, kwetu. Iliyobaki, kwa Karani. Mkataji hakuangalia sentensi. Ukurasa wetu wa mwisho, mstari wa mwisho kabisa, unasema: "Mshahara: kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya". Basi. Baada ya hapo ni jalada. Nimelikodolea macho jalada hilo miaka. Niliwahi kumuuliza Karani inaendeleaje. Alitabasamu, akasema inaendelea vizuri sana.

Lakini nusu yenyewe, jamani, ni tamu! Unaingia kutafuta neno moja, unatoka saa mbili baadaye na maneno ambayo hukuyatafuta. Kalamu, kwa mfano. Wagiriki waliliita hivyo tete, ule mmea wa majini, kisha Waarabu wakalichukua, kisha sisi. Yaani nilipokuwa darasa la kwanza nikitafuna kalamu yangu, nilikuwa natafuna jani. Dirisha nalo limetoka kwa Waajemi, na maana yake ni mlango mdogo. Kijilango! Nililisoma hilo nikageuka kutazama dirisha la kibanda changu. Nimelitumia siku zote kama dirisha tu. Nililionea huruma.

Mteja mmoja alikuja na ufunguo wa geti, nikamweleza habari za dirisha huku mashine inachonga. Aliondoka ameshukuru sana. Alirudi jioni hana shukrani. Ufunguo nilikuwa nimeuchonga kinyumenyume. Nikamwambia geti lenyewe nalo lina tabu zake.

Jumanne, 4 Agosti

Kutafuta neno la arusi si mchezo.

Nilianza na almasi. Asili yake Ugiriki, maana yake kisichoshindika. Nikasimama sebuleni, nikafungua neno mbele ya mke wangu kwa sauti ya kutosha ukumbi. Akaniuliza kama kweli nataka kuwaambia wakwe wa mdogo wake, siku ya kwanza tu, kwamba binti waliyempata hashindiki. Almasi nikaiweka kando.

Nikajaribu busu. Kiajemi. Neno safi kabisa, fupi, lina historia. Lakini nikajiona nikilitamka huku Mama ananitazama, nikafunga ukurasa haraka. Kisha nikaangukia gereza. Hili nalo ni ajabu! Wareno walikuwa wakisema vile kumaanisha kanisa, lakini sisi tukaishia kufungia watu. Nikamwambia mke wangu kwamba hapa pana jambo zito: neno moja limeanzia mahali watu wanapofungia ndoa likaishia jela. Hakucheka. Aliniuliza nimemaanisha nini. Nikasema sikumaanisha chochote. Akaniuliza tena wakati wa chakula.

Ndipo nikagundua njama. Arusi yote iko upande wa Karani! Hesabu mwenyewe: ndoa, penzi, pete, shela, ua, zawadi. Kwangu nimebaki na jela, jembe na maradhi. Hii si haki. Baba yao mdogo alipoikatisha kamusi alikata na bahati yangu.

Ila mimi nina kichwa. Nimempigia simu shemeji mkubwa, mke wa Karani. Nikamwambia wiki hii ninakagua vitasa vya ndugu wote wa karibu, kwa usalama wa familia, bure, na kwamba ningependa kuja kesho wakati mumewe yuko kazini ili nisimsumbue. Nilitegemea maswali. Hakuuliza hata moja! Alisema karibu, njoo. Nina sauti ya kuaminika, kumbe. Sikuwa najua.

Jumatano, 5 Agosti

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nilifika na mkoba wa vifaa. Nikafungua kitasa cha mlango wa mbele, nikatandaza vipande vyake sakafuni, nikakohoa kitaalamu. Shemeji akasema anaenda jikoni na atakawia. Halafu, bila kuulizwa, akaniambia nisiguse kabati la vioo, ufunguo wake uko juu ya kabati upande wa kulia, maana ndani yake mna kile kitabu cha mzee, rafu ya pili. Mwanamke mzuri yule, lakini hana siri hata kidogo. Nilimsikitikia Karani.

Nikafungua. Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Ulikuwa umenisubiri pale miaka yote: "mwezi". Mwezi! Mshahara ni neno la mwezi! Nilipiga ukelele. Shemeji akauliza kutoka jikoni kuna nini. Nikasema nimebanwa kidole. Akasema pole, na mimi nikafikiri nimesikia kicheko, lakini labda ni sufuria.

Kisha nikapata neno langu. Sukari. Siandiki zaidi hapa, kuta zina masikio. Nitasema tu kwamba nililisoma, nikalisoma tena, nikakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya kitasa. Mzee hakuwahi kulifungua hili. Nikarudisha kitabu, nikafunga kabati, nikaunganisha kitasa kwa haraka maana nilisikia hatua.

Kufika nyumbani nikakuta springi moja mfukoni. Sijui ni ya wapi katika kitasa kile. Mlango ulifunga vizuri nilipotoka, niliujaribu mwenyewe kwa nje. Kwa ndani sikujaribu. Hilo ni jambo la baadaye.

Dosari ndogo: nusu yetu haikuwa mahali pake. Mke wangu akasema ameitoa nje juani, kurasa zina ukungu. Alipoirudisha jioni nilistaajabu. Nilikuwa nimekunja kona za kurasa nilizozipenda. Zote zimenyooka! Hata mkunjo mmoja haukubaki, na karatasi bado ina vuguvugu. Jua la siku hizi lina nguvu kweli.

Alhamisi, 6 Agosti

Niko na hasira, niko na furaha, niandike kwa mpangilio.

Tulikutana kwa Mama jioni. Mimi nimevaa koti. Karani hayupo! Chakula kikaiva, Karani hayupo. Nikaanza kumwambia Mama kwa upole kwamba watu wengine hawaheshimu muda. Ndipo akaingia. Suruali imepasuka gotini, vumbi kifuani, nywele zina buibui. Sikuwahi kumwona katika hali ile, na nikiri nilifurahi. Akaeleza kwamba alirudi kubadilisha shati, akajifungia ndani, na kitasa, kilichokuwa kikisumbua tangu jana, kikagoma kabisa. Alizungusha, alivuta, alibembeleza. Mwishowe alitoka kupitia dirisha la choo. Kila mtu akanigeukia mimi kama mtaalamu. Nikasema vitasa vya siku hizi ni vya ovyo.

Tukala. Mama akasema aanze mkubwa. Karani akasimama, akajipangusa, akasema kwamba leo Mungu mwenyewe amemfundisha neno lake. Neno hilo ni dirisha. Waajemi walisema kijilango, na yeye leo amelithibitisha kwa tumbo lake. Watu wakacheka mpaka vijiko vikaanguka. Akaendelea: kila nyumba ina mlango mkubwa wa wageni, lakini wanaopendana huachiana kijilango, pa kupitia siku mlango mkubwa unapogoma. Mama akafuta macho. Na mimi nilikaa pale, springi yake bado iko mfukoni mwangu! Nimemfungulia njia mwenyewe!

Halafu nikazinduka. D! Dirisha liko kwenye D! Nikasimama, nikapiga kelele kwamba hilo neno ni langu, liko nusu yangu, limetoka nyumbani kwangu. Karani akasema kwa utulivu wake ule wa mahakamani kwamba maneno ni ya watu wote. Nikamwambia basi vizuri, kama ni ya watu wote, nami nafungua la kwangu, na nikafungua sukari. Hakuniacha nifike mbali. Aliruka! Karani, anayepiga pasi hata soksi! Akapiga kelele kwamba sukari ni S, na S ni yake, na imetoka kabatini kwake, na kabati lina ufunguo.

 

Mama akauliza kila mmoja amelipataje neno la mwenzake. Nikatazama dari. Karani akatazama viatu. Hapo mke wangu akaanza kucheka. Dada yake akafuata. Walicheka wameshikana mikono, na hao ndio walionuniana kwa sababu ya kitabu kile! Ikatoka yote. Jumatano mimi nikiwa sakafuni kwa Karani, Karani aliomba ruhusa kazini, alikuwa sebuleni kwangu, kwenye kiti changu, anasoma nusu yangu. Na kwa kuwa hawezi kuvumilia kona zilizokunjwa, aliomba pasi. Jua, kumbe! Dada wawili walikuwa wamepangana kwa simu. Walisema wamechoka na wanaume wawili wanaolinda nusu kitabu kama dhahabu na hakuna anayejua herufi zote.

Mke wangu akatoa nusu yetu kwenye kapu lake. Dada yake akatoa ya kwao. Walikuwa wamekuja nazo! Mama akaziweka mezani, ubavu kwa ubavu, akavaa miwani, akasoma pale palipokatwa, mstari mmoja mzima, kwa sauti: mshahara, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi.

Akavua miwani. Kisha akasema kwamba mzee kila alipolipwa, alisimama mlangoni, hajavua hata viatu, akapaza sauti kwamba mwezi umeandama. Kila mara. Na yeye aliwasha jiko kwa furaha. Tangu kitabu kikatwe hakuwahi kuisoma sentensi ile nzima. Akalia waziwazi mbele yetu, na sisi tukalia. Karani alinipa leso yake. Ilikuwa imenyooka. Nikaitumia.

Alipotulia, nikakohoa, nikauliza kwa heshima kuhusu lile suala la Jumamosi. Mke wangu akanifinya. Mama akacheka. Akasema Karani ana maneno mazuri lakini sauti yake haivuki meza, na ukumbi ni mkubwa. Akasema, na hapa naandika kama alivyosema: "Wewe, mwanangu, sauti yako inafika mpaka jikoni." Mwanangu! Mwanangu! Mimi ndiye nitakayefungua neno, Karani atanishikia kitabu.

Mke wangu anasema tumeshindwa sote wawili, walioshinda ni wao. Sikubaliani. Mpango ulikuwa wangu. Wao waliupitia tu.

Ijumaa, 7 Agosti

Kamusi iko kwa fundi wa kujalidi, yuleyule aliyeikata. Anaishona iwe moja. Hakuomba radhi.

Nimerudi kwa Karani kutengeneza kitasa. Alisimama nyuma yangu muda wote, mikono nyuma, akiangalia kila skrubu. Springi ilipotoka mfukoni mwangu alishusha pumzi ndefu. Nilimwambia nimeikuta barabarani. Mtu mwenye shukrani angefurahi kwamba imepatikana.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimewaangusha! Ukumbi mzima!

Nilisimama. Karani nyuma yangu na kamusi nzima mikononi, nyuzi mpya, harufu ya gundi. Nikawaambia neno langu ni sukari. Wakatabasamu, wakidhani wanalijua. Nikawaambia sukari ilianza mbali, kwa Wahindi wa kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa changarawe. Kokoto ndogo! Waliona zile punje wakaona ni mawe. Waajemi wakalichukua neno, Waarabu wakalichukua, likatufikia sisi limeyeyuka tayari, hakuna anayekumbuka mawe. Nikawageukia maharusi. Nikasema zitakuja siku watakapohisi wanatafuna changarawe. Wasiteme haraka. Waipe maji ya moto na muda, wakoroge taratibu, wataona ni nini.

Vigelegele! Baba wa bwana arusi alisimama. Bibi arusi alilia akaharibu wanja, na hakujali. Mama alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mzee. Sitasahau hilo, hata wanikate.

Ningeweza kukaa hapo. Lakini ukumbi ulikuwa mkononi mwangu! Nikafungua kalamu. Nikafungua sabuni. Nikafungua karatasi, na kila mara nikamwomba Karani aniinulie kitabu juu watu wakione. Kamusi nzima ni nzito kuliko nusu. Mikono yake ilianza kutetemeka kwenye sabuni. Nilipoanza almasi mshereheshaji alininyang'anya kipaza sauti, akasema chakula kinapoa. Nikamalizia almasi bila kipaza sauti. Ilifika mpaka jikoni.

Baadaye Karani alinipa mkono, ingawa aliuinua kwa shida. Alisema nilikuwa mzuri, na kwamba angependa yeye na mimi tuwe tunasoma pamoja jioni moja moja. Alisema kwa moyo kabisa. Nilimkumbatia. Ni mtu mwema, na nilishindwa kukumbuka kwa nini nimemchukia siku zote.

Jumatatu, 10 Agosti

Mama ametoa uamuzi. Kamusi haikatwi tena milele. Itakaa katika sanduku, mwezi kwetu, mwezi kwa Karani, na kila nyumba iwe na ufunguo wake. Akasema sanduku alitengeneze mwanangu, maana ndiye fundi. Mwanangu na fundi katika sentensi moja! Nilitembea mpaka kibandani bila kugusa chini.

Nimefanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mbao zimekaa, kufuli ni la shaba, funguo mbili zinang'aa. Wangu unaingia na kuzunguka kama siagi. Wa Karani unaingia vizuri sana. Hauzunguki.

Kesho atakuja kuujaribu. Nimeshafanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo, na mke wangu, aliyekuwa anapita, ameniuliza ninaumwa wapi.